Miji Kumi na Saba ya Makena

Saa mbili kasorobo asubuhi, Makena anahesabu pua.

Wageni bado. Taa za ukumbi zimewashwa nusu na mlango wa mbele umefungwa kwa komeo. Makena ana ndoo ndogo, kitambaa laini cha manjano na chupa ya kupulizia. Anainama mbele ya kabati la kioo, anafumba jicho moja kama seremala anayepima ubao, kisha anasema, "Kumi na nne. Jana zilikuwa tisa."

Ni pua za watu. Mtu akipenda kitu kilichomo kabatini husogea, husogea tena, mwishowe pua inagusa kioo na kuacha alama ya mafuta, ya mviringo, mfano wa kifungo cha koti. Za watoto ziko chini, za wakubwa ziko juu. Makena huzifuta zote, lakini kwanza huzihesabu.

"Meneja ana mashine ya kuhesabu watu pale mlangoni," anasema. "Mashine inajua wameingia wangapi. Haijui wamependa nini. Mimi najua."

Jumba lenyewe, la makumbusho, liko Deptford, kusini-mashariki mwa London, ndani ya ghala la zamani la matofali. Humo ndani wameiweka China, ila si China nzima. Ni jimbo moja tu, Sichuan, lile la milima, mianzi na pilipili. Ukumbi wa chini ni wa historia, wa kati ni wa sanaa, wa juu kabisa ni wa wanyama na mimea. Kuingia ni bure. Ukipita nje kwa haraka utadhani ni duka la mazulia.

Makena ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka tisa amekuwa msafishaji hapa. Hulipwa pauni kumi na tatu na senti themanini na tano kwa saa, saa tano kwa siku. Jioni huenda Plumstead kumhudumia bibi mmoja mgonjwa, humwogesha na kumlaza, ndipo arudi kwake Thamesmead. Magoti, anasema, yameanza kumjibu.

Alizaliwa Imenti, huko Meru, kwenye mashamba ya chai. Alikuja London akiwa na sweta mbili, na miaka yake ya kwanza aliimaliza kwenye foleni za uhamiaji Croydon, bahasha ya makaratasi ikiwa kifuani kama mtoto anayenyonya. Hayo yamepita, na hapendi kuyakalia sana. Anachopenda ni kutega.

"Kitendawili!" anaita, kitambaa bado kiko mkononi.

"Tega," anajibu Collins, mlinzi wa mlangoni, mtu wa Homa Bay, bila hata kugeuka.

"Tofali langu halijengi ukuta, lakini likiingia maji nyumba nzima huchangamka."

Collins anafikiri. Anakuna shavu. "Sabuni."

"Sabuni! Kwenu nyumba huchangamka kwa sabuni?"

"Mke wangu akiiona, ndiyo."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Miji imeniisha, Makena. Kisumu ulichukua. Homa Bay ulichukua. Hata Oyugis! Nyanza nzima umeibeba, mama. Haya, chukua Lewisham."

"Lewisham nimepokea. Na kituo chake cha treni?"

"Kituo niachie. Nitapandia wapi kurudi nyumbani?"

Waliocheza mchezo huu utotoni wanaujua. Anayetega akishinda, aliyeshindwa humlipa mji, halafu huambiwa jibu. Jibu la leo liko ndani ya kabati la tatu: tofali jeusi, gumu, lenye muhuri. Ni majani ya chai yaliyogandamizwa. Zamani wapagazi wa Sichuan waliyabeba matofali kama haya mgongoni, wakapanda milima nayo hadi Tibet.

"Nikiliona naona mgongo wa mama," anasema Makena. "Mama alibeba kapu la chai mgongoni mpaka siku ya kunizaa. Kwenye karatasi hapo wameandika uzito wa mzigo. Hawakuandika ulivyomkata mtu mabegani. Hayo nayajua bila kusoma."

Sasa, mtu wa namna hii kwa nini ashike kitambaa tu? Swali hilo hata Makena alijiuliza. Mwaka jana jumba lilitangaza nafasi ya mwongozaji wa wageni, mtu wa kuwazungusha watu na kuwaeleza. Makena aliomba. Alikariri kurasa kumi na nne za Kiingereza, alikariri ndani ya basi, alikariri akikoroga uji wa yule bibi wa Plumstead.

Siku ya jaribio alisimama mbele ya wageni sita. Akafika kwenye nasaba ya tatu ya wafalme, akasahau yuko wapi. Kichwa kikawa cheupe.

"Unajua niliwaambia nini?" anasema, na anacheka mpaka anashika ukingo wa kabati. "Niliwaambia, karibuni chai! Na chai haikuwapo. Wale Waingereza wakaanza kutazamana, wengine wakatafuta vikombe."

Alianguka jaribio hilo. Na sheria ya jumba ni majaribio mawili tu. Ukianguka la pili, huombi tena maisha yako yote ya hapo.

Aliyempa la pili ni Geeta, ofisa elimu wa jumba, mama wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza na kulelewa kwa Kiswahili cha dukani na jikoni. Asubuhi moja alikuwa anapita na kikombe chake cha kahawa akamsikia Makena anamnyang'anya Collins mji wa Migori. Akasimama nyuma ya nguzo kwa dakika kumi. Kahawa ikapoa.

"Nilimwambia, dada, wewe hukuanguka kwa kutojua," anasema Geeta. "Ulianguka kwa sababu ulijifanya kitabu. Lete watu wako, uwazungushe kwa lugha yako, mimi nitakupima."

Lakini Geeta ni mtu wa kazi, hakuacha mlango wazi hivyo hivyo. Aliweka masharti kwenye karatasi: kumbi tatu, dakika arobaini, kelele zisizidi. Akifaulu, jumba litaanza ziara ya Kiswahili na Makena ndiye mwongozaji. Akianguka, kitambaa na ndoo mpaka uzeeni.

Basi Jumamosi moja mwezi uliopita walikuja wazee kumi na wanane. Ni chama chao kinachokutana kwenye ukumbi wa kanisa Thamesmead, ingawa waumini wa kila dini wamo. Kiongozi wao ni Njeri, bibi wa miaka sabini na minne, muuguzi mstaafu, mwanamke wa sauti. Mwingine ni Mzee Alnashir, Mwismailia mwembamba mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa na duka la magazeti na peremende huko Hayes. Yeye huvuka London nzima kila Jumamosi, Hayes mpaka Abbey Wood kwa treni moja, ili tu aongee Kiswahili alichofundishwa na mama yake Mmombasa.

Walipoingia, Njeri alimkagua Makena kuanzia viatu. "Wewe ndiye utatuzungusha? Si wewe ndiye unayefagia?"

"Ni mimi, mama. Nafagia na nazungusha."

"Haya, tuzungushe. Lakini ukitupeleka mbio kama wale wa makanisa makubwa ya mjini, tutakaa chini hapa hapa."

Makena aliwapeleka kwenye tofali la chai. Wakashinda mara moja, kwa sababu wazee hawa na chai ni ndugu. Njeri alipiga makofi. Geeta, kwenye kona, aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mambo yalikuwa mazuri.

Halafu likaja kabati la hariri.

"Kitendawili!"

"Tega!" wazee wakajibu, na ukumbi ukaitika.

"Fundi wangu hana sindano wala cherehani. Hujishonea nyumba isiyo na mlango."

Hapo ndipo Makena alipokosea, kosa ambalo ni sisi tu tunaweza kulifanya. Kila aliyepita darasa la pili Afrika Mashariki anaijua nyumba isiyo na mlango. Wazee hawakusubiri hata apumue.

"Yai!" walipiga kelele wote kumi na wanane, kwa mpigo mmoja, kama darasa. Mlinzi wa ukumbi wa juu alishuka ngazi mbio akidhani kuna ajali.

"Si yai," alisema Makena.

"Si yai?" Njeri alishika kiuno. "Tangu lini si yai? Mimi nimejibu yai tangu nikiwa na meno ya utoto!"

"Nimesema kuna fundi, mama. Fundi anayeshona."

"Kuku ni fundi! Wewe unaweza kushona yai?"

Watu wakavunjika mbavu. Mmoja alisema kama si yai basi ni jeneza, akaambiwa anyamaze, huko sote tutafika tu. Mwingine alitaka kura zipigwe. Zikapigwa. Yai likashinda kwa kura zote.

Makena angeweza kusema jibu na kusonga mbele. Lakini mchezo una adabu yake, na wazee ndio walioidai. Walioshindwa hulipa. Na walioshindwa walikuwa kumi na wanane, kwa hiyo kila mmoja atoe mji wake.

Njeri alitoa Nakuru, lakini akabakiza Bahati, kwa sababu huko ana shamba. Mtu wa Tanga alitoa Muheza akakataa kutoa Tanga. Dada wawili wa Voi waligombana nani atoe Voi na nani atoe Taveta. Aliyetaka kulipa kwa Woolwich alizomewa. Makena alipokea miji yote, mmoja mmoja, na kwa kila mji alimshukuru mwenyewe na kumwuliza habari za huko. Ikafika kumi na saba. Geeta alitazama saa yake, akaipiga kidogo kwa kidole ili Makena aione.

Makena aliiona. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwisha na bado walikuwa ukumbi wa kwanza.

Alibaki Mzee Alnashir.

"Mzee wangu, zamu yako. Nipe mji."

"Sina," alisema Mzee Alnashir.

"Kila mtu ana mji, mzee."

"Mpe Hayes!" alipaza sauti Njeri.

"Hayes ni ya mke wangu," alisema mzee, na watu wakacheka. Yeye pia alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Alivua kofia. "Mimi ni wa Jinja, binti. Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulitoka na sanduku moja. Baba alifunga duka, akaweka funguo mfukoni, akafa nazo hapa London. Sasa nitakupaje kitu nilichonyang'anywa?"

Njeri alishusha mkono kutoka kiunoni.

Geeta aliacha kuandika. Anasema alijua wakati unakwenda, na alijua pia kwamba yeye, kama angekuwa mwongozaji, angesema pole na kuwapeleka watu kwenye ngazi.

Makena hakwenda kwenye ngazi. Alikunja mikono kifuani, akafikiri.

"Mzee Alnashir," alisema, "leo mimi ni tajiri. Wenzako wamenipa miji kumi na saba. Mtu mwenye miji kumi na saba anaweza kugeuza sheria. Wewe hulipi. Wewe unapokea. Nakupa Jinja."

Akaunyosha mkono kama mtu anayepitisha kikombe kilichojaa.

Mzee alimtazama. Kisha alipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kitu kisichoonekana, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Nimepokea," alisema. "Sasa niambie huyo fundi ni nani, kabla huyu mama hajarudi kwenye yai lake."

Vicheko vilipasuka tena, vingine vikiwa na machozi ndani yake. Makena akawaonyesha fundi: kiwavi wa hariri, mdogo kama kidole cha mtoto, anayetoa uzi mdomoni na kujizungushia mpaka anajifungia ndani. Pembeni yake kulikuwa na kitambaa cha harusi cha rangi nyekundu kilichofumwa kwa nyuzi zake. Njeri alisogea, akasogea tena, pua ikagusa kioo.

"Na hana hata cherehani," alisema taratibu. "Basi nakubali. Huyu anamshinda kuku."

Zilibaki dakika kumi na mbili na kumbi mbili. Lifti ya jumba hubeba watu sita, na wengi wa wazee hawa hawapandi ngazi. Kumfikisha kila mtu ukumbi wa sanaa, kisha kuwafikisha wote tena juu, ilikuwa safari sita za lifti. Makena alipiga hesabu kichwani akaona haiwezekani.

Sanaa ndiyo fahari ya jumba. Kuna vinyago vya ngozi vya kuchezeshwa nyuma ya pazia kwa mwanga wa taa, na sura kubwa ya shaba yenye macho yaliyochomoza, nakala ya ile iliyochimbwa huko Sichuan. Kila mwongozaji huanza nayo. Makena aliiruka. Aliwapeleka wazee juu, kwa wanyama.

"Kwa sababu ya pua," anaeleza. "Wageni wa umri wao, pua zao nazipata huko juu. Macho ya shaba wanayatazama kwa mbali. Yule mnyama wa mtoni, ndiye wanayemsogelea."

Mnyama mwenyewe ni jamaa ya chura, lakini ana mkia na urefu wa mtu mzima aliyelala. Wachina humwita samaki mtoto. Makena alitega: "Analia kama mtoto mchanga, lakini hajawahi kunyonya." Safari hii hawakukurupuka. Walishauriana kama baraza, wakazunguka ukumbi, wakampita panda, yule dubu mweusi na mweupe wa China, bila kumjali sana, na Njeri ndiye aliyemwona ndani ya kabati la mawe na maji.

"Huyu!" alisema. "Mkunga hasahau. Nimepokea watoto elfu moja Nakuru, na mia mbili kati yao walikuwa na uso huu huu."

Ziara ilimalizika ikiwa imepita muda kwa dakika kumi na moja. Geeta alimwita Makena ofisini, akafunga mlango, akamsomea karatasi bila kuipaka sukari. Kumbi zilizofikiwa, mbili kati ya tatu. Muda, umepitwa. Kelele, mlinzi alishuka ngazi. Sehemu muhimu kuliko zote, haikuonyeshwa.

"Kwa karatasi hii umeanguka, dada," alisema Geeta. "Nimetafuta mahali pa kuandika lile la Jinja, sikupaona. Karatasi haina sehemu hiyo."

Makena anasema hakulia. Alitazama viatu vyake, akaanza kufikiri kama kitambaa chake kimekauka kwenye ndoo.

Hapo Collins akabisha hodi na kuchungulia. "Samahani, mama Geeta. Kuna wazee kumi na wanane hapo chini hawataki kwenda nyumbani."

Geeta alishuka akiwa tayari kuomba radhi. Alimkuta Njeri ameegemea meza ya mapokezi, koti mkononi, na wenzake nyuma yake kama foleni ya kupiga kura.

"Wewe ndiye mkubwa wa hapa? Sisi hatukuona kile chumba cha katikati."

"Najua, mama, naomba radhi, muda ulikuwa..."

"Nani amekuambia utuombe radhi? Tunataka tarehe. Tuandikie tunarudi lini. Na tunamtaka huyu huyu. Mkituletea mwingine tutajibu yai kwa kila kitu."

Nyuma, Mzee Alnashir aliinua kofia. "Mimi nitamleta dada yangu wa Leicester. Naye ana madai ya Jinja."

Geeta alichukua kalamu. Anasema amefanya kazi hapo miaka sita, na makundi yote humaliza kumbi tatu ndani ya dakika arobaini, yakasema asante, yakaondoka, na hayajaonekana tena. Hili halikumaliza, na lilikuwa linaomba tarehe kabla halijavaa makoti.

Alirudi ofisini na orodha ya majina. Ile karatasi ya masharti hakuichana, maana si tabia yake. Aliigeuza, akaandika kwa nyuma maelezo ya kila kitu ambacho upande wa mbele haukuwa na nafasi yake, pamoja na kipengele kipya: wageni wanaoomba kurudi, kumi na wanane kati ya kumi na wanane. Akaipeleka kwa meneja mwenyewe, kwa mkono.

Barua ilitoka baada ya siku tisa. Makena ni mwongozaji wa jumba kwa miezi sita ya mwanzo, ziara moja ya Kiswahili kila mwezi, pauni kumi na nane kwa saa. Miezi sita ikienda vizuri, kazi itakuwa ya kudumu, ziara zitaongezwa, na jioni za Plumstead zitapungua.

Ziara ya kwanza ni Jumamosi hii. Majina yaliyoandikishwa ni thelathini na moja, na Njeri ameshapiga simu mara mbili kuulizia viti. Makena anataka safari inayofuata wazee waje na wajukuu, wale wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. "Mtoto akitaka mji wangu, itabidi aite kitendawili," anasema. "Kwa neno hilo moja tu tutaanza."

Kwa sasa kazi ni ukumbi wa katikati. Ameshapata kitendawili cha vinyago vya ngozi, na cha yale macho ya shaba anakipika bado. Jana alipita na daftari lake kabati kwa kabati, akipima dakika, safari za lifti, na mahali wazee watakapokaa kupumzika. Hesabu imekubali. Akienda kwa mpango huo, Jumamosi wataona kila kitu.

"Kila kitu?" Makena anafunga daftari na kutabasamu. "Aa. Wakiona kila kitu watarudi kufanya nini? Nitabakiza kabati moja."